Jibini ya Moto kwa Bi. Tournoux

Jumapili, 8 Oktoba

Habari kubwa! Mzee Vernier amejitoa katika Chama cha Jibini. Magoti yake yamechoka. Kiti kiko wazi. Joho la kahawia lenye ukingo wa dhahabu, pamoja na kofia yake, vinaning'inia mahali fulani bila mtu ndani.

Mimi, Fulbert Pourchet, mpima ardhi mstaafu, nina mabega ya joho. Kila mtu anasema. Yaani, fundi cherehani alisema, mara moja.

Tatizo: kiti hiki hakiombwi. Ukiomba tu, umekosa. Mwenyekiti, Bi. Philomène Tournoux, humtazama mtu, hunyamaza, kisha siku moja hupiga simu. Baba yangu aliomba mara tatu. Alikataliwa mara tatu. Alipofariki tulikuta kabatini kofia aliyojishonea mwenyewe. Mimi sitaomba. Mimi nitaonekana.

Jioni nikasimama dirishani na darubini (ya kutazamia ndege). Nimeona nini? Daktari Maxence Rivoire, jirani yetu, akiingia kwa Bi. Tournoux na mkoba! Akakaa saa nzima! Daktari wa meno mstaafu kutoka Lyon, mgeni wa juzi, miaka miwili tu huku milimani, theluji ya mlangoni kwake bado anaiondoa kwa ufagio. Na tayari anajipendekeza.

Solange, mke wangu, akasema huenda ni mambo ya meno. Nilicheka sana. Meno, Jumapili! Wanawake hawaoni siasa hata ikiwakanyaga vidole.

Mpango: karamu ndogo Jumamosi. Bi. Tournoux atakula jibini ya moto mezani kwangu. Ataniona.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimekwenda kunyolewa ili nisome majarida. Nimelipata: kurasa sita juu ya "Meza ya Kifahari ya Majira ya Majani Kupukutika". Picha: jibini nzima imefungwa ndani ya manda ya siagi iliyokatwa kama majani, imeokwa ikawa rangi ya shaba. Pembeni tini za kuchoma, vipande vya mkate mkavu, lozi zilizoungwa kwa sukari ya kuungua. Na uyoga wa porini. Nimezichana kurasa zote sita nikiifunika sauti kwa kukohoa. Kinyozi ameniuliza kama nimeshikwa na kifua.

Kisha kiwandani kwa Firmin, binamu yake Solange, anayetengeneza jibini ya msimu, ile laini ya kisanduku iliyofungwa mkanda wa gome la msonobari. Nikamwagiza visanduku vitano. Akaniuliza nitaiokaje. Nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ng'ombe aliyevishwa viatu.

Akasema: "Shemeji, funga kisanduku kwa foili, toboa tundu katikati, tia kitunguu saumu, mimina divai nyeupe, dakika ishirini na tano, viazi pembeni. Basi. Hiyo jibini imeshamaliza kazi yake yote. Wewe ni kuipasha moto tu. Usiisaidie."

Nikamjibu kwamba hicho ni chakula cha wakata magogo. Akasema babu yake alikuwa mkata magogo. Nikasema namheshimu babu yake. Tukaachana vibaya kidogo.

Kadi za mwaliko zimetoka. Bi. Tournoux. Séraphin Jeunet na mkewe Aline, kwa sababu Aline ndiye mshika bendera wa Chama na maneno yake yana uzito. Séraphin hana uzito wowote, lakini huwezi kumwalika mke ukamwacha mume.

Rivoire sikumwalika.

Jumanne, 10 Oktoba

Siku ya uyoga. Kila mtu anajua Rivoire ana mahali pake pa siri msituni. Mgeni, na ana mahali! Nikamfuata saa mbili asubuhi, hatua mia moja nyuma, nikiruka kutoka mti hadi mti. Mafunzo ya upimaji ardhi hayapotei.

Nilikuwa nyuma ya msonobari mnene aliposema, bila hata kugeuka: "Ukimaliza haja yako, Bwana Pourchet, njoo nikuonyeshe. Mwaka huu uyoga umejaa tele."

Haja yangu! Nikamjibu kwa sauti ya heshima kwamba ninakagua mipaka ya msitu. Akaniuliza kwa niaba ya nani. Nikasema ni siri ya serikali. Akanitakia kazi njema, akainama, akachuma uyoga mkubwa kama kofia ya mtoto, akanipungia nao mkono.

Sihitaji hisani. Nimechuma wa kwangu, kikapu kizima, rangi ya machungwa, wa kupendeza kabisa. Solange akakataa kuuosha mpaka niupeleke duka la dawa ukaguliwe, kama watu wote hufanya. Nikaenda kumridhisha tu.

Mama wa duka la dawa akavaa glavu. Sikupenda zile glavu. Akaumimina uyoga wangu wote ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kisha akaniuliza, polepole, nilikusudia kumlisha nani.

Nikasema: Bi. Tournoux.

Watu wanne walikuwa kwenye foleni nyuma yangu.

Jumatano, 11 Oktoba

Kijiji kizima kinasema nataka kumuua Bi. Tournoux.

Kwa mwoka mikate, wamenyamaza nilipoingia. Posta, wamenyamaza. Firmin amenipigia simu kuniuliza kama ni kweli, kisha akaangua kicheko hadi akalazimika kukata. Séraphin Jeunet amenisimamisha karibu na bomba la maji, akauliza kwa upole kama karamu ya Jumamosi bado ipo, na kama kutakuwa na chakula cha aina nyingine.

Lakini angalia jinsi mambo yanavyogeuka! Mchana kadi imekuja kutoka kwa Bi. Tournoux, mwandiko wa kusimama wima: "Nitafika. Katika umri wangu mtu hachagui tena hatari zake." Anakuja! Ujasiri wake umenigusa. Na sasa kijiji kizima kinazungumza juu ya karamu yangu. Rivoire hajawahi kuzungumzwa hivyo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Jaribio la kwanza la kuoka. Solange yuko shuleni, ni muuguzi wa huko, kwa hiyo jiko lilikuwa langu.

Niliamua kuanza na kisanduku kimoja chenyewe, yaani jibini na mbao zake bila manda, nipime moto. Foili sikutia. Foili ni ya kufungia mabaki. Nilizaliwa huku, sifundishwi jibini.

Mbao huwaka. Naliandika hili kwa faida ya vizazi.

Kwanza harufu tamu ya msonobari. Nikasema, ahaa, hiyo ndiyo harufu ya ukoo wangu. Kisha moshi. Kisha ndani ya oveni pakawa na mwanga ambao haukuwa wa oveni. Nikafungua mlango ili nione vizuri. Kosa! Ulimi wa moto ukatoka, ukalamba taulo, taulo likaanguka kwenye zile kurasa sita za jarida, majani yote ya kifahari yakapukutika kweli.

Nilipiga ukelele. Solange, aliyekuwa anarudi na kusikia akiwa barabarani, anasema nilisema "Mama!" Sikumbuki.

Aliyeruka ua ni Rivoire. Miaka sitini na minane, ndoo mkononi, akaruka kama mbuzi. Ndoo ya kwanza kwenye taulo. Blanketi lililoloweshwa kwenye oveni. Ndoo ya pili kwangu, na sidhani nilikuwa nawaka.

Solange akamshukuru, akamkalisha, akampa kahawa, akamwambia, hivi hivi mbele yangu: "Jumamosi uje, Daktari. Bila wewe tusingekuwa na nyumba ya kumkaribishia mtu."

Akasema atafurahi sana. Bila shaka atafurahi! Nimemjengea daraja mimi mwenyewe, kwa moto wangu mwenyewe.

Ijumaa, 13 Oktoba

Usiku mzima nimefikiri. Mke akimwalika mtu, mume hawezi kumfukuza. Lakini hakuna sheria inayomzuia mume kuandika kadi.

Nimemwandikia Rivoire kadi nzuri kabisa. "Saa mbili na nusu usiku." Wengine wote wanakuja saa moja. Atakapofika, Bi. Tournoux atakuwa ameshakula, ameshaniona, na labda ameshavaa koti. Nimeitia kwenye sanduku lake la barua nikipiga mluzi.

Mchana nimeunga lozi. Sukari iliungua vizuri, rangi ya kahawia iliyokolea. Zimekauka zikawa ngumu kidogo. Moja ilianguka sakafuni ikaacha alama kwenye kigae. Mikate nayo imekauka barabara, inalia kama mbao ukiigonga. Ndivyo chakula cha kifahari kinavyotakiwa kulia.

Nimefunga jibini mbili ndani ya manda. Nimekata majani arobaini na moja kwa kisu cha mfukoni. Solange akachungulia. Akasema ni mazuri. Kisha akasema manda haina tundu la kupumulia. Nikamwambia jani halina tundu. Akaniuliza kama nimewahi kulitazama jani kwa karibu. Nikamwomba aniachie jiko.

Jumapili, 15 Oktoba (naandika ya jana)

Nitaandika yote.

Saa moja kamili, kengele. Nimevaa tai ya kijani. Nafungua mlango: Bi. Tournoux, mdogo, wima, fimbo mkononi. Na mkono wa pili umeshikwa na nani? Na Rivoire! Kumbe huwa anamwendesha kwa gari lake kila anapotoka. Akanirudishia ile kadi kwa tabasamu, akasema anadhani niliandika saa vibaya, akanishauri nikapime macho.

Nikawakalisha. Bi. Tournoux kwenye kiti cha heshima. Rivoire mlangoni kwenye upepo. Akashukuru, akasema anapenda hewa.

Nikatoa sahani ya kwanza. Nikaeleza kwamba hivi si vitafunio, bali ni viamsha hamu. Séraphin Jeunet akasema hamu yake imeamka tangu saa tano asubuhi. Mkewe akamkanyaga. Hakuna aliyegusa kitu. Wote wakanitazama mimi kwanza! Uyoga ule! Ikabidi nile kipande cha kila kitu mbele yao, kimoja kimoja, kama mwonjaji wa mfalme, huku Aline Jeunet akihesabu dakika kwa macho.

Sikufa. Wakaanza kula. Mkate ukalia vinywani kama watu wanaotembea juu ya changarawe. Bi. Tournoux hakula mkate. Hakula tini zenye mbegu. Nikadhani ni hadhi. Nikamsogezea bakuli la lozi. Akasema asante, hapana. Nikasisitiza. Nikasema nimeziunga kwa mikono yangu, usiku kucha (si kweli), kwa ajili yake. Rivoire akafungua mdomo aseme kitu. Nikamkatiza kwa sauti. Nilijua anachotaka: kuniharibia.

Bi. Tournoux ni mtu wa adabu. Akachukua lozi moja. Akauma.

Sauti ile sitaisahau. Kama kufuli kufunguka.

Akatoa leso, akaweka kitu ndani yake, akakifunua mezani. Jino. Jino la mbele!

Kisha jikoni, kishindo. Manda bila tundu! Zote mbili zilipasuka kwa pamoja. Nilipofungua oveni, jibini ilikuwa inateremka ukutani polepole kama theluji ya mwezi wa nne, na majani yangu arobaini na moja yanaelea juu yake.

Nikakaa sakafuni. Nakiri. Mpima ardhi mzima, sakafuni, na tai ya kijani.

Kilichofuata nilikiona kutoka chini. Rivoire akaja na ule mkoba wake, akamkalisha Bi. Tournoux chini ya taa ya jikoni, akaosha mikono kama mtu anayejua. Akanieleza huku anafanya kazi: jino lile ni la muda, analishughulikia tangu wiki iliyopita, na alikuwa amemwamuru ale vitu laini tu. Basi Jumapili ile yalikuwa meno. Nikamtazama Solange. Hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Badala yake Solange akashuka kwenye ghala la chini. Akapanda na visanduku viwili vilivyobaki. Foili. Tundu. Kitunguu saumu. Divai. Akasafisha oveni kidogo tu, akaviingiza. Viazi, kumbe alikuwa ameshavichemsha mchana! Nilipomuuliza kwa nini, akasema: "Mume wangu, nakujua."

Dakika ishirini na tano, harufu ndiyo iliyoongea.

Wote wakahamia jikoni, meza ya mbao, bila kitambaa. Bi. Tournoux, jino limerudi mahali pake, akala kwa kijiko. Akaongeza. Akaongeza tena. Akafumba macho. Séraphin akapangusa kisanduku kwa kiazi mpaka gome likang'aa. Rivoire alikula viazi vitupu. Jibini hakugusa hata chembe. Nikaliona hilo, nikasema moyoni: kiburi cha mjini!

Kisha Bi. Tournoux akauliza ni nani aliyeioka.

Nikainuka kutoka sakafuni. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba katika nyumba hii tunafanya mambo kwa pamoja. Akanigeukia, akaniuliza niliiweka dakika ngapi.

Nikasema: "Sitini, Bi. Tournoux. Moto wa wastani."

Alimshika Solange mkono, akaubana, akaomba koti lake.

Jumatatu, 16 Oktoba

Saa nne asubuhi, simu. Bi. Tournoux! Nikajibu kwa sauti niliyoiandaa. Akasema habari za asubuhi, Bwana Pourchet, nipe mkeo.

Nilisikiliza mlangoni. Solange akasema ndiyo. Akasema hapana. Akacheka. Kisha akasema neno ambalo hajalisema kwa miaka thelathini na mmoja ya ndoa: "Ngoja nimuulize mume wangu."

Akatoka, macho yana maji. Kiti ni chake. Joho ni lake. Akanitazama, akasema nikiumia atakataa, hatajali, kuna mambo makubwa kuliko kofia. Lakini akaongeza, kwa sauti ndogo: "Ningependa, Fulbert. Hata sikujua kama ningependa."

Nilikumbuka ile kofia ya baba. Nilikumbuka viazi vilivyochemshwa mchana. Nikamwambia akubali. Nikamwambia anastahili kuliko mtu yeyote katika mlima huu. Nilimaanisha. Tukakumbatiana jikoni penye harufu ya moshi. Nilikuwa mtu mwema kwa dakika nne hivi.

Kisha nikamuuliza kama joho linaweza kuazimwa siku za kawaida. Haliwezi.

Jambo la pili: Solange aliuliza kwa niaba yangu kuhusu Rivoire. Bi. Tournoux alishangaa. Rivoire hakuwahi kutaka kiti. Tumbo lake halipatani na maziwa tangu utotoni. Akila jibini, analala siku mbili. Wiki nzima nimepigana vita na mtu asiyeweza kula jibini!

Nimemwacha atumie ngazi yangu ya kusafishia mfereji wa paa. Sikumwambia kwa nini.

Jumapili, 22 Oktoba

Maandamano ya Chama. Jua, baridi, kengele za ng'ombe, bendi yenye matarumbeta mawili. Solange katika joho la kahawia, kofia imekaa sawasawa, akala kiapo bila kutetemeka. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kadiri mikono ilivyoruhusu, maana nilikuwa nimeshika koti lake, mkoba wake na skafu yake.

Karibu yangu alisimama Séraphin Jeunet, ameshika mwavuli wa Aline na glavu zake. Kumbe hushika hivi kila mwaka, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nikamuuliza anasimama hapa kwa cheo gani. Akafikiri. Akasema yeye ni mume tu.

Mume tu!

Nilisikia kama taa imewashwa. Wanaume hawa, wanaosimama kando ya barabara na mizigo, hawana chama! Hawana bendera! Hawana joho!

Kabla bendi haijamaliza wimbo wa tatu nilikuwa nimeshakianzisha. Chama cha Waume wa Wanachama wa Chama cha Jibini. Vazi: joho la kijivu, ukingo wa fedha (kwa sasa). Kofia nimeichora nyuma ya ratiba ya sherehe. Nimewahesabu waume wote waliopo. Wanachama wengine ni wajane, wengine hawana waume. Tumebaki wawili, mimi na Séraphin. Akasema sawa, kama hakuna mikutano mingi.

Uchaguzi wa mwenyekiti ni Ijumaa. Kura za siri.

Nimeanza kuwa na wasiwasi. Leo nimemtazama vizuri huyu Séraphin. Ni mpole mno. Kila mtu anamsalimia. Bi. Tournoux amemwita kwa jina lake la kwanza. Mtu wa namna hiyo ana jambo. Na anapomsaidia mkewe kuvaa glavu, huinama kama mtu anayeomba kura.

Lazima nimwalike chakula cha jioni kabla ya Ijumaa, nijue anampigia nani. Kitu kidogo. Cha kifahari. Solange ananiuliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia ni mambo ya Chama.